Vipimo Elfu Nane

Mahali ambapo marehemu alinyamaza kwenye rekodi, mstari wa kijani wa sauti kwenye skrini uliendelea kutikisika. Makokha aliliona hilo Jumatano saa nne asubuhi, jua limejaa kibandani kwake Wandegeya na wanafunzi wakisukumana nje kwa muuza chapati. Akajiambia ni waya mbovu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha kaseti za zamani kwenye kompyuta. Siku mbili kabla, Nusura, Mnubi wa Bombo, alimletea kaseti iliyofungwa kwenye leso. Ilikuwa barua ya sauti. Vita vya sabini na tisa viliwakimbiza watu wake hadi Sudan, na mama yake, asiyejua kuandika, akamrekodia binti aliyebaki nyuma. Alifia hukohuko.

"Fundi, iko hii moja tu," Nusura alisema. "Ingine hakuna."

"Usijali, Hajati."

Sasa sikia alichofanya. Kompyuta haimezi sauti nzima. Inaidonoa, inaipima mara elfu arobaini na nne kwa sekunde, na kila kipimo inakiandika kuwa namba. Ukipunguza vipimo, faili linakuwa dogo, ila nafasi kati ya kipimo na kipimo zinapanuka. Diski ilikuwa imejaa harusi za watu, basi Makokha akashusha vipimo hadi elfu nane. Kisha, bila hata kusikiliza, akaichukua ile kaseti airekodie kwaya ya mkewe. Marehemu alikuwa amevunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Makokha akakiziba kitundu kwa selotepu, akairekodi kwaya juu ya barua. Afadhali angeiba.

Alhamisi mchana mkewe, Vera, alileta chakula, akavaa hedifoni kwa udadisi wake wa kawaida.

"Baba Nabangala," akanong'ona, "huyu mama alikufa lini?"

"Themanini na nne. Kwani?"

"Mbona ananiuliza kama kwaya yetu imeshamaliza kuimba?"

Makokha akamnyang'anya hedifoni, na akaisikia sauti ya mama wa watu, nyembamba, imekwaruzika, ikimsalimia binti yake kwa upole, na katikati ya neno na neno, mle kwenye nafasi alizozipanua yeye kwa mkono wake, kitu kingine kilivuta pumzi, kikajaribu neno, kikalirudia mpaka likafanana kabisa na la marehemu, huku harufu ya ubani ikitanda kibandani ingawa hakuna aliyewasha chochote, na barua ya dakika kumi na mbili ikawa inasoma dakika arobaini, kisha hamsini.

"Futa," Vera alisema, machozi yakimlengalenga. "Nakuomba, futa."

"Nikifuta, Hajati atabaki na nini? Nimeshamzika mama yake mara ya pili."

Ijumaa Makokha alianza kujifunza maneno ya kuungama tangu alfajiri. Lakini Nusura alipoingia na nguo zake za sala, maneno yote yakayeyuka. Akampa hedifoni. Alijichukia, na bado akampa.

Nusura alisikiliza, akalia, akacheka.

"Banange, fundi! Mungu akubariki! Mama ametaja watoto yangu yote, moja moja, na majina."

Nusura aliolewa miaka mitatu baada ya mama yake kuzikwa. Furaha haikumpa nafasi ya kuwaza hilo.

"Hajati, ile kaseti..." Makokha alianza.

"Ngoja kwanza. Amesema nimuletee mtoto ya mwisho, Sumayiya, amusalimie. Iko hapa nje."

Neno moja la kweli lingetosha. Makokha alimwona msichana mdogo akiingia, akamwona mama mtu akimvisha hedifoni zilizomzidi kichwa, na aibu ikamfunga mdomo.

Mtoto alisikiliza kidogo, akatabasamu, kisha akaitika.

"Ndiyo, bibi. Nakuja."