Transfa ya Toader

Wewe, umewahi kufungua nati ya oili chini ya gari, yakatoka maji ya mto?

Sisemi maji ya mvua yaliyopenya. Nasema maji ya mto: ya kijani, ya baridi inayouma mpaka kwenye kiwiko, yenye mchanga na kipande cha jani la msonobari. Kama hujawahi, basi kaa kitako. Na usicheke kwanza.

Codruța Bledea alikuwa na digrii ya uinjinia wa mitambo kutoka chuo cha mji wa Cluj. Mama yake, kabla hajafa, aliitia kwenye fremu akaitundika juu ya pipa la kabichi ya chumvi, na pale ndipo ilipofanya kazi yake ya kwanza na ya mwisho: kuziba ufa ukutani. Ajira hakupata. Alituma maombi mpaka vidole vikaota sugu, akajibiwa na mashine, "asante kwa kutufikiria." Tangu lini mtu akala shukrani? Akarudi kwao Izvoru Mut, kijiji cha mwisho mlimani, mahali ambapo hata barabara ikifika inakata tamaa.

Alirudi pia kwa sababu ya baba yake. Figo za mzee Nechita zilikuwa zimekufa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilibidi afike hospitali mjini akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa mara moja, anavimba. Akikosa mara mbili, anazama ndani ya mwili wake mwenyewe.

Na kati ya kijiji na mji upo mto. Daraja lilibebwa na mafuriko miaka sita iliyopita. Tangu hapo ambulensi huja mpaka ng'ambo, hupiga honi mara tatu, husubiri robo saa, hugeuza. Ndiyo huduma.

Aliyekuwa akivusha watu ni jirani yao, Toader. Alikuwa na ARO kuukuu, yale magari ya chuma ya zamani yanayopanda mlima kama mbuzi. Alivusha wagonjwa, wajawazito, mkate, barua, hata majeneza. Jioni moja ya Oktoba alimfikisha mama mwenye uchungu ng'ambo salama. Akageuza kurudi, peke yake. Mto ukamchukua.

Walimkuta asubuhi ameshika mti wa gia. Ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja.

Gari lake lilivutwa kwa trekta, likatupwa uani kwa mjane wake, Saveta. Wiki tano trekta lile lile liliwavusha wagonjwa, kisha mwenyewe akaliuza. Na kijiji kikabaki kinasikiliza honi.

Sasa, Codruța alikuwa na ARO la babu yake, lililolala ghalani chini ya nyasi kavu miaka kumi na minne. Akalivamia. Alisafisha kabureta kwa mswaki wake wa meno. Alibadilisha klachi, akapandisha springi kwa vyuma alivyovichomea mwenyewe, akafunga winchi mbele, akainua bomba la kuvutia hewa mpaka juu ya paa ili injini isinywe maji. Injini ikawaka, kuku wakaruka uzio. Kikabaki kitu kimoja tu: transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, lenye gia ya chini ya kutambaa ndani ya mto. Babu alikuwa amevutia magogo kwa gari lile mpaka meno ya transfa yakabaki mawili matatu, kama kinywani mwake mwenyewe. Na katika mabonde matatu ya jirani, transfa nzima ilikuwa moja.

Uani kwa Saveta.

"Shangazi, nipe ile transfa," alimwambia Jumamosi.

"Nitakupa, mwanangu. Bure. Siku ya arobaini nitakupa pamoja na mkate na mshumaa, kwa jina la Toader, nawe utajibu *bogdaproste*. Hapo itakuwa yako."

Neno hilo ndilo shukrani anayotoa mpokeaji kwa niaba ya maiti. Lisiposemwa, sadaka haijatoka, na kitu bado ni cha marehemu.

"Baba amekosa mara mbili, shangazi. Hawezi kulala. Anapumua kama msumeno."

"Leo ni ya thelathini na saba. Siku arobaini roho hupita kila njia aliyopita mtu. Sasa Toader alipita njia gani, kama si hii ya mtoni? Unataka nimvue magurudumu atembee kwa miguu?"

"Shangazi, hayo ni mambo ya bibi zetu."

"Ee, msomi. Na wewe u nani kama si wa bibi zako?"

Jumapili, kengele ilipolia na kijiji kizima kilipokuwa kanisani, Codruța aliingia uani kwa Saveta akiwa na jeki mkononi na spana mfukoni.

Boliti zilizokaa mtoni siku mbili zilipaswa kuwa zimeshikana kwa kutu. Aliweka spana kwenye ya kwanza.

Ikafunguka kwa vidole.

Ya pili. Ya tatu. Zote... laini, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anazisukuma.

Jioni ile akaifunga transfa kwenye gari lake. Sili mpya, gasketi mpya, oili mpya. Jumatatu asubuhi akaona doa chini ya gari. Akafungua nati.

Maji ya mto.

Akaosha, akajaza oili upya. Adhuhuri akafungua tena.

Maji. Na harufu... matope, tumbaku ya bei rahisi, na pombe ya plamu.

"Injinia wetu!" Ni mzee Gavrilă, jirani, kaegemea mlango wa ghala. "Miaka mitano chuoni, leo unalala chini ya gari kama kuku anayetaga. Huko Cluj waliwafundisha kuchimba visima?"

"Nenda zako, mzee Gavrilă."

Lakini yeye alikuwa ameshainama kuchungulia beseni la maji yale. Akanusa. Kicheko kikamfia mdomoni. Akapiga ishara ya msalaba.

"Hii umeitoa wapi?"

"Sokoni."

"Soko gani linauza harufu ya Toader?"

Akaondoka bila kuaga, mbio mbio, mzee yule ambaye goti lake lilikuwa bovu tangu jeshini.

Saa kumi Codruța alipiga simu. Sauti ya msichana wa ambulensi ilikuwa tamu kama keki. "Vukeni wenyewe, tutawasubiri ng'ambo." Vukeni wenyewe! Kwa mabawa?

Jua lilikuwa linatua, ukungu unashuka. Alimpakia baba yake kiti cha mbele ndani ya blanketi. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba haiingii kwenye kiatu chochote. Midomo ya bluu. Hakuwa na usiku mwingine wa kusubiri. Hilo Codruța alilijua bila daktari.

Wakashuka taratibu. Taa ziligonga ukungu zikarudi.

"Sogea kidogo," baba yake alinong'ona. "Unanilowesha."

"Baba, unaongea na nani?"

"Na huyu hapa nyuma."

Codruța akatazama kioo. Hakuna mtu.

Ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea.

To... to... to. Kitu kilikuwa kinadondoka kwenye sakafu ya chuma.

Wakafika mtoni. Ng'ambo, honi ilipigwa mara tatu. Codruța akaingiza gia ya chini, akaachia klachi, magurudumu ya mbele yakaingia majini. Mita moja. Mbili.

Klak.

Mti wa transfa ulirudi katikati wenyewe. Injini inanguruma, magurudumu yamekufa. Akausukuma. Ukashika.

Klak.

Akausukuma tena, kwa nguvu zote, na safari hii akahisi kitu juu ya mkono wake. Baridi. Majimaji. Kidole kimoja... cha pili... cha tatu... vikijifunga taratibu juu ya vyake.

 

Ndipo akasikia kutoka juu ya mto. Mngurumo. Si radi. Magogo ya misonobari, yale yanayokatwa usiku na watu ambao kila mtu anawajua na hakuna anayewataja, yalikuwa yamejazana kwenye kona, sasa yamefunguka. Yakapita mbele ya bampa, hatua tatu tu, yakigongana kama meno. Pale pale ambapo gari lingekuwa.

Kisha kimya.

Alikuwa anawaokoa? Au anadai chake? Codruța hakujua, na mkono ulikuwa bado haujamwachia.

"Mwizi!"

Sauti ilitoka nyuma, ukingoni. Mshumaa ulikuwa unakuja ndani ya ukungu, na chini yake viatu vya mpira, na ndani ya viatu Saveta, nyuma yake Gavrilă anachechemea. Mjane aliingia majini mpaka magotini, akafika dirishani.

"Siku moja tu, msomi! Kesho ilikuwa arobaini! Hawakukufundisha kuhesabu mpaka hapo?"

"Shangazi... amenishika mkono."

Saveta aliangalia mti wa gia. Uso wake ukalegea. Akatoa kifuani mkate wa kesho, akachomeka mshumaa juu yake, akaupitisha dirishani juu ya maji kama watu wanavyopitisha sadaka juu ya kaburi.

"Chukua. Kwa jina la Toader, mume wangu. Transfa na mkate. Viwe vyake kule, vyako huku."

"Bogdaproste," Codruța akasema, akilia.

"Bogdaproste," akasema baba yake.

Vidole vikaachia. Kimoja kimoja.

Gia ikaingia laini kama kisu kwenye siagi. Wakavuka.

Walipokuwa wanampakia mzee kwenye machela, alimvuta binti yake amsogezee sikio. "Amepokea mkate," alinong'ona. "Lakini hawezi kwenda. Anasema kila jioni anasikia honi."

Nechita alisafishwa damu usiku ule, akauvuka usiku. Alhamisi ikaja, na Jumamosi. Codruța sasa ndiye anayevusha: wagonjwa, mkate, majeneza. Transfa ni kavu, oili yake safi kama asali. Nguvu ya gari imeongezeka, mafundi wa bonde la pili wanakuja kulitazama.

Ila jioni, honi inapolia ng'ambo, ndani ya ghala lililofungwa kwa kufuli husikika: klak. Akifungua mlango, hukuta mti wa transfa uko kwenye gia ya chini. Kiti cha nyuma kimelowa. Na juzi, aliporudi salama kutoka mtoni, alishindwa kushuka. Mkono ulikuwa umekataa kuachia mti wa gia. Baba yake, kwa mikono yake iliyojaa matundu ya sindano, alimfungua kidole kimoja kimoja.

Wakatazamana. 

Padri anasema ni misuli tu. Gavrilă anasema kiti cha dereva hakiachwi wazi, wafu wanawapokeza zamu walio hai. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba fedha za daraja zimetangazwa mara nne, utepe umekatwa mara mbili, na kwenye ukingo kuna bango zuri lenye picha ya daraja.

Basi wewe meya, na ninyi wa kaunti mliosaini: theluji itayeyuka Machi, na mto utapanda. Jengeni daraja kabla ya hapo, Toader akapumzike na msichana huyu aachiwe mkono wake. Kama hamjengi, njooni jioni moja mvushwe. Kiti cha nyuma kimelowa, lakini mtabanana naye. Mwambieni wenyewe, mkimtazama usoni, anasubiri nini.