Ploti Iliyobaki na Jina la Mzee Lekishon

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha simiti, Dalmas alimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba yake huko Kitengela. Mkewe, Apondi, alipika chai, na mtoto wao Melvin alijiandaa kwenda shule. Nyumba yao ya mawe waliijenga polepole, chumba baada ya chumba, kuanzia mwaka wa 1997.

Ploti waliuziwa na Mzee Lekishon. Waliandikiana makubaliano mbele ya mashahidi. Mzee alikuwa mtu wa ukweli.

"Baba Melvin, twende Kajiado tubadilishe jina," alikuwa akimwambia Dalmas.

"Hakuna haraka, Mzee. Wacha kwanza nimalize paa."

Baada ya paa ikawa sakafu. Mwaka wa 2001, Mzee Lekishon akafariki.

Miaka miwili baadaye, bwana mmoja aliyeitwa Mureithi alifika langoni na mpimaji wa ardhi. Alikuwa na hati miliki ya ploti hiyo. Ilikuwa na jina lake.

"Hapa ni kwetu!" Apondi alisema. "Sisi ndio tulijenga hii nyumba!"

Mureithi alishtuka. "Mama, mtoto wa marehemu alirithi hii shamba, akaniuzia. Aliniambia nyinyi ni wapangaji wake."

Dalmas na Apondi walienda kwa Tabitha, mwenzao wa kanisani, aliyefanya kazi katika ofisi ya wakili mjini Kajiado. Tabitha alisoma makubaliano yao hadi mwisho.

"Muko na kibali cha bodi ya ardhi?"

"Bodi gani?" Dalmas aliuliza.

Tabitha alishusha pumzi. "Haya makubaliano ni ahadi ya kuuza. Ahadi haihamishi ardhi. Shamba ya kilimo kama hii, lazima muombe kibali cha bodi inayosimamia uuzaji wa mashamba kabla miezi sita iishe tangu muandikiane. Mkikosa, makubaliano hayana nguvu. Mkipata, muuzaji anatia sahihi fomu ya kuhamisha umiliki. Hiyo fomu inapelekwa ofisi ya ardhi pamoja na hati ya zamani. Msajili akishaandika jina lako kwa rejista, hapo ndipo ardhi inakuwa yako."

"Mzee mwenyewe alitaka twende," Dalmas alisema. "Mimi ndiye nilimwambia angoje."

Apondi alikuwa akilia.

Wakili aliwaeleza kuwa wangeweza kwenda kortini, lakini kesi ingekuwa ngumu na ndefu. Mureithi aliwaruhusu kukaa mpaka shule zifungwe. Walipohama, waling'oa milango, madirisha na mabati. Kuta za mawe ziliachwa zimesimama. Dalmas hakuangalia nyuma.

Walipanga chumba kimoja kwa miaka mitatu. Kisha wakapata ploti ndogo Isinya, mbali zaidi na kazi. Muuzaji aliitwa Waceke. Safari hii hawakubeba hata jiwe moja la kujengea kabla karatasi hazijakamilika. Tabitha aliwasindikiza ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kuangalia kwenye rejista mwenye ardhi ni nani na kama ina deni au kesi. Ilikuwa safi. Wakaandikiana mbele ya wakili. Wakasimama mbele ya bodi pamoja na Waceke, wakapewa kibali. Fomu ikatiwa sahihi, ikasajiliwa.

Hati mpya ilitoka na majina mawili, la Dalmas na la Apondi. Apondi aliyasoma kwa sauti, mara mbili.

"Sasa hakuna mtu atatutoa," alisema.

"Hakuna," Dalmas alijibu. Lakini hakucheka. Alikuwa ameanza kuwa na mvi, na angejenga tena kuanzia msingi.

Wiki hiyo, kazini, kijana mmoja aitwaye Musau alimwambia kwa furaha kwamba amenunua ploti na tayari anachimba msingi.

"Mmeandikisha?" Dalmas aliuliza.

"Bado. Tutaenda tu siku moja. Yule muuzaji ni mtu mzuri sana."

Dalmas aliweka chini sepetu yake.

"Najua ni mzuri," alisema. "Mpigie simu sasa hivi."