Zimwi la Udongo la Isimbi

"Isimbi, hii hadisi uliitoa wapi?"

Ujumbe uliingia akiwa anasuuza bidoni za maziwa. Miezi mitano Sébastien, mchumba wake, hajamjibu hata neno. Leo ndiyo anauliza! Isimbi alikaa palepale kwenye majani mabichi.

Hadithi yenyewe aliianza wakati wa mvua. Barabara ya Karuba ilikatika, gari la maziwa likakosa kuja siku nne, na wanawake wakabaki chini ya hangari la kukusanyia maziwa wakishindana kutishana kwa hadithi. Zamu yake ilipofika akatunga mtu aliyefinyanga binadamu wa udongo, akampulizia pumzi, na alipomwona anafumbua macho, akamkimbia. Zimwi likabaki milimani linamwita mfinyanzi wake. Rafiki yake Noëlla akamwambia aiandike, kisha akaisambaza kwa WhatsApp hadi Kalembe, kwao Sébastien.

Simu ikaita.

— Unanifanya zimwi, Isimbi?

— Weye?

— Njo miye hiyo zimwi! Ile siku ya mahari, mama yako alinipatia maziwa, nikakunywa nikisimama, nyama iko ku mukono. Watu wote walicheka. Papa yako akasema muntu wa pori hajue heshima ya maziwa. Sasa na weye unaniandika!

Kumbe ni hilo! Kikombe kimoja cha maziwa, na mtoto wa watu akaachwa miezi mitano anaongea na ukuta. Isimbi alitaka kutukana, badala yake akamwambia:

— Soma pale kwenye zimwi inaita mfinyanzi wake. Soma kwa sauti.

Sébastien akasoma polepole.

— "Ulifika? Umekula? Leo mvua imenyesha, nimekukumbuka. Mbona haujibu?"

Akaurudia mstari wa mwisho.

— Isimbi... hizi njo mesaje zako.

— Zote. Sikutunga hata moja. Zimwi iko miye, Sébastien. Weye njo ulinifinyanga, ukakimbia.

Akasikia mwanamume analia, naye hakumbembeleza. Alikuwa amelia peke yake vya kutosha.

— Siku ya posho, Jumamosi hii, Papa anarudisha ng'ombe yenu ya mahari, alisema, akakata simu.

Jumamosi asubuhi Papa Kagabo, baba yake Isimbi, alikuwa ameshamfungua ng'ombe wa mahari, Sébastien akatokea, matope hadi magotini. Hakuna aliyemkaribisha. Mama Agathe tu, mama yake Isimbi, ndiye aliyeingia ndani akatoka na kikombe cha maziwa, uwanja mzima ukitazama.

Sébastien aliketi kwanza. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka mwisho.

Papa Kagabo alikitazama kile kikombe kitupu, akaguna, akamrudisha ng'ombe kwenye kigingi.

Isimbi alikuwa amesimama mlangoni, hajui acheke au amfukuze. Simu yake ikatetemeka. Sébastien, pale alipoketi, alikuwa ameinamia yake, anajibu ujumbe wa kwanza wa miezi mitano iliyopita.

"Nimefika."

Ikatetemeka tena.

"Sijakula."

Isimbi akafuta macho kwa kitenge, akaenda kupakua chakula.