Paja la Kushoto

Jumamosi ile soko la Kongowea lilifurika hata pa kutia mguu hapana, na Suleiman, fundi wa friji kutoka Bakarani, akaanguka. Hakujikwaa. Mguu wake wa kushoto ulikataa tu, akaenda kifudifudi juu ya madera ambayo Jalila alikuwa ameyatandaza kwenye turubai.

"Kaka, hayo ni madera, si godoro," Jalila alimwambia. Alikuwa kavaa buibui lililopauka mabegani kwa jua, na kicheko kilishamfika midomoni.

"Niwie radhi, dada. Nimeteleza."

"Umeteleza pakavu?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

"Mwongo. Haya, nunua moja, ushanilalia biashara."

Akanunua mawili, na hana mama wala dada wa kumvisha. Uongo wao ulianzia hapo, nami nausema mapema ili asije mtu akamlaumu Jalila peke yake.

Wakapendana, tena kupendana kwa kusumbua majirani. Asubuhi haikupita bila simu.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Nimeamka na njaa, Sule."

"Ya chai?"

"Ya chai, ndiyo. Ulidhani ya nini?"

Mchana Jalila alimpelekea mahamri na mbaazi karakanani kwake. Barua ya posa ilikwisha kuandikwa, ilisubiri kupelekwa tu.

Ndipo daktari akaupa ule mguu jina: multiple sclerosis. Suleiman hakuelewa kitu mpaka alipokalishwa na Sista Roseline, muuguzi wa kliniki, akamweleza taratibu. Kinga ya mwili wake yenyewe inazishambulia neva, inazichuna kama waya uliochunika plastiki yake, ndipo kiungo hukataa au hufa ganzi. Dawa haitamponya, ila itapunguza mashambulizi mapya. Ni sindano, mara tatu kwa wiki, na atajichoma mwenyewe: leo paja hili, kesho kutwa lile, halafu tumbo. Dawa ikae kwenye friji. Homa ya siku za mwanzo isimtishe, ampigie simu yeye.

"Na uje na mtu wako," Roseline alimwambia. "Mimi nafundisha wawili wawili. Siku mkono wako ukikataa, wake upo."

"Nitamleta, inshallah."

Hakumleta. Kaka yake Jalila, marehemu Babu, aliuawa na unga wa kulevya, na Jalila ndiye aliyemkuta chooni, sindano ingali mkononi. Mtu kama huyo utamwonyeshaje sindano? Suleiman akaona bora afiche. Akachagua friji nzima moja pale karakanani, akaweka dawa ndani, na mlangoni akaandika kwa chaki: MBOVU, USIFUNGUE.

Jumanne moja Jalila alikuja na juisi ya ukwaju. Nyuma ya pazia akamsikia Suleiman kwenye simu. "Juzi nilijichoma paja la kushoto, Sista. Leo zamu ya tumbo." Na ile friji mbovu ilikuwa ikinguruma. Jalila akaifungua.

"Sule, hizi nini?"

Suleiman alitoka, simu mkononi. "Za ugonjwa wa neva. Keti, mpenzi, nikueleze."

"Babu alituambia zake ni za kisukari. Tulimwamini mpaka tukamzika."

"Wallahi si unga. Huyu hapa Sista, zungumza naye."

"Babu naye alikuwa na watu wa kumsemea." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililomtisha Suleiman. "Niliapa kaburini sitapenda teja. Nawe ulijua."

Akaondoka, akamfungia simu. Juisi ilibaki mezani.

Mwanamume mwenye akili angemtuma Roseline akazungumze. Huyu wetu alizitupa dawa zote, kisha akampa ujumbe Mwanarehema, anayeuza kando ya Jalila: mwambie nimeacha, aje anikague mikono, mapaja, popote.

"Mwambie teja huacha kila Jumatatu," Jalila alijibu, kisha akaenda kulia vyooni.

Ikapita miezi mitatu. Suleiman hakujichoma, wala hakupokea simu za Roseline. Aliona haya kumwambia kwamba dawa ameitupa kwa ajili ya mwanamke. Kila asubuhi aliangalia mikono yake kama iko safi vya kutosha.

Siku moja simu ya Jalila ikalia palepale sokoni.

"Wewe ni Jalila? Mimi Roseline, muuguzi wa Suleiman. Hapokei simu zangu, na kwenye fomu, pa mtu wa karibu, amekuandika wewe."

"Muuguzi wa nini?"

"Wa sindano za neva. Nilidhani unajua. Asiziache, dada, akiziacha mashambulizi yatarudi."

Jalila akakaa juu ya madera yake, wateja wakimtazama. "Na mimi ameniandika nani wake?"

"Ameandika mke."

Alimkuta karakanani kalala kwenye mkeka, fimbo ya kutembelea ukutani. Hakuna aliyeomba radhi kwanza, walilia tu wote wawili, halafu wakaomba pamoja. Daktari aliporidhia aanze upya, Roseline alikuja mwenyewe alasiri na dawa kwenye kijisanduku cha barafu.

"Nifundishe mimi," Jalila alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Nifundishe."

Roseline akamwonyesha: nawa mikono, pangusa ngozi, finya, shika kama kalamu. Jalila akaishika sindano. Alikuwa akimwona Babu, na bado hakuiweka chini. Suleiman akafumba macho ili asimzidishie hofu. Jalila akasema bismillahi moyoni, akachoma paja la kushoto, akahesabu mpaka kumi, akachomoa, akakandamiza pamba.

Suleiman bado alikuwa amefumba macho.

"Haya, roho yangu," akasema kwa upole. "Choma tu. Usiniogope."

Jalila akamtazama Roseline. Roseline akainamisha kichwa.

"Nishachoma, habibi."

"Nishachomwa? Mbona sikusikia kitu?"

Jalila akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaiweka sauti yake sawa.

"Mkono wangu mwepesi," akamwambia.