Kwa Nini Taa Inawaka, Spana?

"Imewaka tena," Kasi alisema kwenye simu. Alikuwa amelisimamisha gari pembeni, mbele ya duka la saruji. "Ile ile ya njano, yenye picha ya injini."

"Usiizime. Nakuja," Spana akamjibu.

Alikuja na pikipiki ya kuazima, ovaroli imeloa oili, mashine ya kupimia magari ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Lakini alipofungua mlango akachungulia dashibodi, taa ilikuwa imeshazimika. Kasi akajiona kama mtu aliyeita majirani waje kumuona nyoka, wakakuta kamba.

Bahati nzuri mashine haisahau. Spana aliichomeka chini ya usukani, akasubiri, akatikisa kichwa. Kodi, yaani namba ya kosa, ilikuwa ile ile, ya sensa ya krenki, kidude kinachoihesabia injini mizunguko yake. Akamweleza kwamba akiifuta kodi hiyo inafutika, kisha inarudi siku ikijisikia.

"Sasa maana yake nini?"

"Maana yake huwezi kwenda safari ndefu na gari hili," alisema, macho kwenye tairi. "Pole, Kasi."

Jina la Kasi alilipata utotoni kwa sababu ya mwendo wake. Akitumwa dukani alikuwa karudi kabla aliyemtuma hajakaa. Ukubwani alinunua gari dogo la mizigo, akawa anabebea watu bidhaa zao. Injini ilipochemka hadi ikapasuka, mchumba wake Spana ndiye aliyemtafutia nyingine ya mtumba, ya toleo linalokaribiana na ile ya zamani, akaifunga kwa mikono yake. Kasi alishika tochi muda wote. Siku ilipounguruma kwa mara ya kwanza, mafundi wa gereji walipiga madebe. Kasi alimwambia dada yake kwamba wenzake wanaletewa maua, yeye kaletewa injini, na wala haoni wivu.

Gari likatembea vizuri, halina hata kikohozi. Kisha kampuni moja inayosambaza vifaa vya zahanati ikampa kazi ya mwaka mzima katika miji ya kaskazini. Angekaa huko huko, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Spana alimpongeza, akawanunulia gereji nzima soda. Wiki hiyo hiyo taa ikaanza kuwaka.

Dada yake alipoambiwa kwamba gari linaleta kodi, aliuliza kama ni ya nyumba au ya serikali. Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Sensa ilishabadilishwa, ikafungwa mpya, na taa ikarudi. Leo ipo, kesho haipo. Kasi alianza kuendesha jicho moja barabarani, jingine kwenye dashibodi, na usiku alijiuliza kama akili zake ziko sawa. Na kadiri taa ilivyomsumbua, ndivyo Spana alivyozidi kuwa mpole. Alimletea chai kitandani. Alimwambia kazi zipo nyingi tu hapa hapa. Kasi alimshukuru, huku kitu fulani kikimkwaruza moyoni asijue ni kitu gani.

"Mdogo wangu, hiyo taa huwa inawaka lini?" dada yake alimuuliza siku moja wakianika nguo.

"Haina utaratibu."

"Inawaka kabla Spana hajaligusa gari, au baada?"

Kasi alimwambia dada yake aache maneno ya ajabu, akachukua beseni akaingia ndani.

Siku chache kabla ya safari alilipeleka gari gereji libadilishwe oili. Alikuwa keshafika kituo cha basi alipokumbuka simu yake imebaki ndani ya gari, akarudi. Mafundi wengine walikuwa upande wa pili wakila. Spana alikuwa peke yake, boneti iko wazi, mkono umezama hadi begani nyuma ya injini. Chini ya gari hapakuwa na karai la kukingia oili. Kasi alisikia mlio mdogo, kach, akaujua. Tangu siku zile za kushika tochi alijua ni nini kilichokaa kule nyuma.

"Oili inamwagwa huku chini," alisema taratibu. "Huko unatafuta nini?"

Spana aligeuka, mkono bado uko ndani.

"Kwa nini taa inawaka, Spana?"

Alitoa mkono, akaupangusa kwenye ovaroli. "Plagi ya sensa," akasema. "Nilikuwa naichomoa nusu. Gari likitikisika, inapoteza mawasiliano."

"Wewe."

"Mimi. Nikija kulitazama, naibana tena."

"Kwa nini?"

"Mwaka mzima, Kasi. Ungekutana na watu wengine huko. Nilidhani ukichelewa kidogo tu, kazi watampa mtu mwingine, na mimi sitakuwa nimekukataza."

Kasi alishika ukingo wa gari. "Nimekosa usingizi," alisema. "Nilidhani ninaota mambo mchana. Ukaniletea chai."

"Najua."

"Hujui."

"Nisikilize basi, halafu unifanye utakavyo. Nilifanya hivyo mara mbili tu. Ile ya duka la saruji si yangu. Ile ya juzi mlimani pia si yangu. Leo nilikuwa naibana, sikuwa naichomoa. Kuna kosa la kweli kwenye hili gari, na silijui."

Kasi alimtazama machoni akitafuta uongo uko wapi na ukweli uko wapi, akakuta macho yale yale aliyoyazoea. Hata mlio aliousikia usingemsaidia. Anayebana na anayechomoa wote huingiza mkono pale pale. Alifunga boneti, akachukua funguo, akamwambia asikanyage kwao. Jioni alimwomba dada yake awapigie wajomba, awaambie maandalizi ya harusi yasimame.

Asubuhi iliyofuata aliiminya ile plagi mwenyewe hadi ikalia, akaizungushia utepe. Gari akalilaza chini ya dirisha lake, na kwenye ukingo wa boneti akabandika kipande cha karatasi ya gundi ili mtu akifungua ijulikane. Alijiambia mambo yamekwisha.

Kesho yake, akipanda mlima na shehena ya vigae, taa ikawaka.

Alisimama kileleni, akashuka. Kile kipande cha gundi kilikuwa palepale, hakijakunjwa hata pembe. Aliporudi kwenye usukani taa ilikuwa imezimika. Kasi alikaa na mikono mapajani, magari yakimpita. Kama Spana hakuligusa, basi alisema kweli. Au alishaharibu kitu kingine ndani siku ile ya oili. Au hilo kosa la kweli ndilo uongo wake wa mwisho wa kumzuia. Dada yake naye hakusaidia. Maelezo yote Kasi aliyompa aliyaona yanawezekana.

Jioni ujumbe ukaingia.

"Kasi, usisafiri na hilo gari. Sikuombi ubaki. Nakuomba usife."

Aliusoma mara kadhaa, akajibu: "Hata hayo mtu anaweza kuyaandika huku anadanganya."

Jibu likaja papo hapo: "Ni kweli."

Hakuandika kingine, na hilo ndilo lililomvuruga Kasi zaidi. Kama angejitetea, Kasi angejua la kufanya.

Siku mbili kabla ya safari alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa Mama Fyuzi, fundi wa umeme wa magari mwenye gereji yake karibu na soko la mbao. Mji mzima ulijua kwamba yeye na Spana hawapikiki chungu kimoja, tangu aliposema hadharani kwamba nyaya anazofunga Spana zinafanana na tambi zilizomwagika. Spana aliapa kutokanyaga kwake.

"Mwanangu, mchumba wako yuko hapa, kakaa kwenye tairi bovu," Mama Fyuzi alisema. "Amenieleza, mbele ya mafundi wangu wote, alichokufanyia, hadi aibu nikaiona mimi. Anataka nilitazame gari lako, yeye asiliguse. Sasa mimi simpendi, kwa hiyo sina sababu ya kumsaidia kukudanganya. Lilete."

Kasi akalipeleka. Spana alikuwapo kweli, amekaa mbali, mikono magotini. Hawakusalimiana.

Mama Fyuzi hakufungua boneti kwanza. Alitaka kujua taa iliwaka wapi, gari likiwa na mzigo gani, likipanda au likishuka. Kisha akaamuru mifuko ya mchanga ipakiwe, akapanda kiti cha mbele na mashine yake, akamwambia Kasi waende kwenye ule mlima. Katikati ya mlima taa ikawaka. Kileleni ikazimika.

"Kumbe halina wazimu," Mama Fyuzi akasema. "Linachukia kupanda tu."

Waliporudi alifungua boneti, akaingiza kichwa na tochi. Kasi alikaa kwenye usukani. Aliambiwa akanyage breki kwa nguvu, atie gia, aguse mafuta kidogo. Injini ikavuta, gari likakataa kwenda, na injini nzima ikainama upande mmoja kama mtu anayejaribu kusukuma mlango uliofungwa. Taa ikawaka mbele ya macho yake.

"Zima. Njoo uone."

Kasi aliinama. Nyuma ya injini palikuwa na sikio la chuma ambalo injini ya zamani haikuwa nalo. Waya wa sensa ulikuwa umelilalia, ngozi yake imesuguliwa, na shaba ndani inang'aa. Tambarare, bila mzigo, waya haukuguswa. Injini ikijitutumua mlimani iliinama, shaba ikagusa chuma. Mama Fyuzi alisema kwamba siku waya huo ungekatika kabisa, injini ingezimika hapo hapo, na kama ni kwenye mteremko na shehena kamili, usukani ungekuwa mzito kama jiwe na breki zisingekawia kugoma.

Kisha akamulika pembeni. Kibanio kidogo cha plastiki kilikuwa wazi, hakijashika kitu.

"Hiki ndicho kilichotakiwa kuushika waya mbali na hilo sikio. Nani alikifungua?"

Spana alikuwa amesimama.

"Mimi," akasema. "Nilipofunga injini nilikibana. Nilikifungua baadaye ili nifikie plagi. Sikukirudisha."

"Basi mara zote hizo ni zako," Mama Fyuzi akamwambia, bila ukali. "Mbili ulizijua, nyingine hukuzijua."

Alizima tochi, akawaita mafundi wake kwenye gari jingine lililokuwa mbali kabisa, na hao wawili wakabaki peke yao.

Kasi hakujua akasirikie lipi. Mtu huyu alimdanganya, kisha akamwambia kweli, na ile kweli ilizaliwa na ule uongo. Nusura amuue, na ndiye aliyekuja kujianika kwa mtu asiyempenda ili asife.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Kama taa isingewaka tena yenyewe, ungeniambia ulichofanya?"

Spana alikitazama kile kibanio.

"Sijui," akasema. "Natamani kusema ndiyo. Lakini sijui."

Jibu lile halikumfurahisha Kasi hata kidogo. Lakini tangu taa ianze kuwaka, lilikuwa jibu la kwanza ambalo hakulazimika kuligeuza atazame upande wa pili.

"Ungeniambia unaogopa," alisema. "Ningekusikiliza. Pengine ningekwenda tu, lakini ningekusikiliza."

"Sikujua kusema."

"Sasa urekebishe. Mwenyewe, hapa, mimi nikiangalia. Na kila unachoshika ukitaje."

Spana alikunja mikono ya ovaroli. Alikata waya uliochubuka akasema anakata, akaunga mwingine akasema anaunga, akauvisha ngozi nene, akaurudisha kwenye kibanio akakibonyeza kidole cha Kasi pale ili asikie kinavyofunga. Walipanda ule mlima na mifuko ya mchanga, wakashuka, wakaupanda tena. Dashibodi ilibaki giza.

Kasi aliondoka Jumatatu, peke yake. Spana hakuja kumuaga, kwa sababu hakualikwa. Alituma ujumbe mmoja: "Maji ya rejeta uyaangalie kila asubuhi injini ikiwa baridi. Safari njema." Kasi aliusoma kwenye kituo cha mafuta, akacheka peke yake, halafu akalia kidogo, halafu akawasha gari.

Kaskazini barabara zilikuwa za vumbi na milima haiishi. Alifikisha maboksi kwenye zahanati ambazo manesi wake walimjua kwa honi kabla hawajamuona. Mwisho wa mwezi wa kwanza alirudi nyumbani, akamwona dada yake, hakwenda gereji. Mwisho wa mwezi wa pili pia hakwenda. Spana alipiga simu kila Jumapili, na simu hizo Kasi alizipokea. Alisubiri Spana amuulize atarudi lini moja kwa moja, au anazungumza na nani huko. Hakuuliza. Siku moja alimwambia, bila kuchokozwa, kwamba juzi alipatwa na wivu hadi akashindwa kula, na kwamba anamweleza tu ili ajue. Kasi alimwambia asante, na baada ya simu kukatika alikaa muda mrefu ameishika mkononi.

Mwezi wa tatu Kasi ndiye aliyepiga.

"Taa imewaka?" Spana akauliza haraka.

"Haijawaka. Jumamosi sina kazi."

Spana alisikika akisogea mbali na kelele za gereji.

"Kuna basi linatoka huko alfajiri," Kasi akaendelea. "Kuna chumba cha wageni jirani na ninapokaa. Na wajomba wameniuliza tena habari za harusi, nikawaambia nina mtu wa kuzungumza naye kwanza."

"Nitapanda hilo basi," Spana akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nibebe mashine na vifaa?"

"Hapana," Kasi akamwambia. "Njoo mikono mitupu."