Babu Alipodhani Hasikiki

Kila Jumapili, akishakuna nazi na kuosha vyombo, Tabia huruhusiwa kushika simu ya baba yake mdogo, Ishaka. Jumapili ile alikuwa na kazi. Mwalimu Kuruthumu alitaka kesho yake asimame mstarini aeleze sifa za babu yake, marehemu Mzee Shuaibu, aliyekuwa diwani wao pale Zinga. Hotuba zake za kaseti Ishaka alizihamishia kwenye simu. Sabiha, rafiki wa Tabia, binti wa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kumsaidia.

"Mzaramo, Mkwere, Mhindi, sote ndugu!" babu alinguruma kwenye hotuba waliyoifungua, makofi yakarindima. Kisha zikasikika kelele za viti vikikusanywa. Babu alidhani kinasa sauti kimezimwa. "Wahindi hawa kupe tu," alimwambia mwenzake, akicheka. "Tunawachekea kwa ajili ya kura."

Tabia aliizima simu haraka. "Babu alikuwa anatania."

Sabiha aliinuka. Alivaa kandambili zake akaenda zake.

Bibi Mwanamkasi, mjane wa Mzee Shuaibu, aliyekuwa akichambua mchele kando yao, alisikia yote. "Utani gani huo? Mimi Mzaramo, watani wangu Wanyamwezi. Wananisema usoni, hata msibani, nami nawarudishia mpaka tunacheka wote. Hapo nani alimrudishia babu yako?"

Tabia aliona haya. "Basi kesho nitataja mazuri tu, Bibi."

"Kisima alituchimbia, na hayo pia aliyasema. Nilimpenda, lakini hilo silitetei. Nenda kwanza kwa mwenzio."

Tabia alimkuta Sabiha dukani, akipanga makopo ya rangi. "Haukuwa utani. Nisamehe. Kesho nilitaje hilo au ninyamaze?"

Sabiha alifikiri kidogo. "Litaje. Ila lile neno lenyewe usilirudie."

Asubuhi mstarini Tabia alieleza habari za kisima na za hotuba, kisha akaendelea. "Lakini faraghani aliwatukana Wahindi, hao hao aliowaita ndugu. Nampenda babu yangu. Alikosea."

Mwalimu Kuruthumu alisogea mbele. "Jukwaani kila mtu ana adabu," alisema. "Ninyi mheshimuni mwenzenu hata akiwa hayupo. Na aliyekosea, hata awe babu yenu, msimfichie kosa."

Tabia alirudi kwenye mstari. Sabiha alisogea kumpisha.

"Pita, mjukuu wa diwani," alimwambia usoni. "Leo umetukosesha usingizi wa mstarini."

"Wewe husinzia hata darasani," Tabia akamrudishia, wakacheka wote wawili.