Maji Mabichi ya Singida

Roboti Mwonja aliteremsha ulimi wake wa kioo ndani ya maji ya chumvi, kisha akatangaza: "Sumu ipo. Haijaliwa."

Injinia Ntandu hakuomba apime tena. Roboti yule hakujua kudanganya wala kubembeleza. Kila asubuhi alidondosha kamba waliooza, wa kutoa sumu ya majaribio, ndani ya Bahari-Kioo, tangi kubwa lililojengwa katikati ya jiji la Singida baada ya bahari yenyewe kufa kwa joto, na jioni akapima. Maji mapya, hata yawe meupe pe, ni maji mabichi. Uchafu wa samaki hugeuka sumu ukamuua mwenyewe. Sharti kwanza vijidudu visivyoonekana vizaliane juu ya mawe, vingine viile sumu, vingine viyale masalia yake. Jambo hilo halitaki pupa. Jana vijidudu vilikula vikamaliza, watu wakakumbatiana. Leo hata chembe haikuguswa.

"Nani kagusa mawe?" aliuliza Bi Mwatime, mlezi aliyekuja kutoka pwani na samaki wawili wa mwisho wa aina yao, jike na dume, ndani ya chombo cha safari.

Ntandu aliinama. "Ni mimi. Yalikuwa na utelezi wa kahawia, na kesho wageni wanakuja. Niliamuru roboti wayasugue kwa maji ya moto."

"Ya bomba, yenye dawa ya kuua vijidudu?"

"Ya bomba. Kwetu mgeni hapokelewi penye uchafu, Bi Mwatime."

"Hata kwetu. Lakini wageni wa nyumba hii ni hawa wawili, na utelezi ule ndio uliokuwa na vijidudu vya kuwalinda."

Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Ntandu zaidi. Pampu ya chombo ilikuwa inakoroma kwa kuchoka, haingewahimili wote wawili mpaka mawe yaive upya. Vijidudu hai vilibaki mahali pamoja tu, kwenye sifongo ya chombo kile. Wakiikata nusu na kuipandikiza kwenye tangi, nusu itakayobaki ingemtunza samaki mmoja, si wawili.

Dume alikuwa amefumbata mayai mdomoni. Ndivyo aina yao ilivyolea: mama hutaga, baba hubeba.

"Jike ndiye aingie," Bi Mwatime alisema hatimaye. "Uchafu wake utavilisha vijidudu mpaka vishamiri."

"Na sumu?"

"Itamchoma, mwanangu. Sisi hatuna la kumfanyia." Alikata sifongo kwa mkasi, akayafuta macho kwa upindo wa kanga.

Kesho yake wageni walijaa mbele ya kioo. Jike alizunguka juu ya mawe yaliyong'aa, madoa yake ya fedha yakimetameta, akapanda kwa kasi hadi usoni mwa maji, akashuka, akapanda tena.

"Tazameni anavyocheza," mgeni wa heshima alisema, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Bi Mwatime aligeukia ukutani.

Ntandu alikuwa ameandaliwa hotuba ya kukaribisha. Aliiacha mezani, akasimama kati ya wageni na kioo.

"Naomba msipige makofi," alisema. "Hachezi. Anatafuta hewa. Ni mama, ana watoto, na anakufa kwa sababu nilitaka mkute mawe safi."